Kabla ya Sikinde

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, hakuwa na adabu ya kusikiliza muziki kimya. Redio ikianza wimbo wa Mlimani Park, na sisi watoto tumekwisha kutulia tuusikilize, yeye huuliza: "Huyu anayeimba mnamjua?" Tukimjibu kwamba tunamjua, tena kwa jina, huongeza swali la pili, na hilo ndilo lililotukera: "Na kabla ya hapo alikuwa wapi?"

Nyumba yake ilikuwa Mlandizi, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Morogoro, mahali ambapo ukilala usiku huyasikia malori yakibadilisha gia kuelekea daraja la Ruvu. Mwenyewe alikuwa utingo katika barabara hiyo kwa miaka mingi, na kabla ya utingo alipiga manyanga katika kikundi cha vijana wenzake waliokuwa na magitaa makavu mawili na ngoma moja iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Kikundi hicho hakikurekodi wimbo hata mmoja, wala sidhani kama kiliwahi kuvuka Kibaha. Lakini naona ndicho kilichomharibia mjomba masikio, au kilichomtengenezea, maana mtu aliyewahi kushika manyanga, hata kwa misimu miwili tu, hawezi tena kuisikia bendi kama sauti moja. Huwasikia watu waliokusanyika, kila mmoja na alikotoka.

Alikuwa na kaunta buku. Upande wa kushoto wa kila ukurasa aliandika jina la mwanamuziki, na upande wa kulia majina ya bendi alizopitia, moja chini ya nyingine, yakiunganishwa kwa mishale ya kalamu nyekundu. Habari hizi alizikusanya redioni, katika magazeti yaliyofungiwa samaki, kwa madereva waliolala Dar es Salaam na kuhudhuria dansi, na kwa wapenzi wenziwe waliobishana naye kilabuni. Kwa hiyo usidhani, msomaji, kwamba kila mshale ulikuwa sahihi. Baadhi nimekuja kuona ulikuwa uvumi mtupu. Hata hivyo sijapata kuona kwingine mtu wa kawaida, asiye mwandishi wala mtafiti, akiuchukulia muziki wetu wa dansi kama vile masharifu wanavyozichukulia nasaba zao.

Ukurasa uliochakaa kuliko yote ulikuwa wa Mlimani Park Orchestra. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1978 katika baa iliyoipa jina, kwenye barabara iendayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa chini ya shirika moja la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ambalo herufi zake za DDC zikawa sehemu ya jina lake. Wasikilizaji wengi tuliipokea kana kwamba imeanguka kutoka mbinguni ikiwa imekamilika: magitaa yanayosukana kama ukili, tarumbeta zinazojibu kwa wakati wake, waimbaji wanaopeana zamu bila ya kukanyagana. Mjomba alicheka kusikia maneno hayo. Kwake yeye Mlimani Park haikuwa bendi mpya hata siku ile ya kwanza. Ilikuwa ni wazee wa kazi waliopewa vyombo vipya.

Chukua mfano wa Michael Enoch, ambaye wenziwe walimwita King. Huyu aliingia Dar es Salaam Jazz mwaka 1960, bendi ambayo mizizi yake inafika miaka ya 1930, akapiga humo gitaa la solo na kuiongoza. Aliyekuja kumsikia Mlimani Park alimsikia akipuliza saksafoni. Kwa mjomba jambo hili halikuwa dogo. Alishikilia kwamba ukisikiliza vizuri saksafoni ile utamsikia mpiga gitaa ndani yake, kwa namna anavyokata sentensi na kuiacha hewani kabla ya kuimalizia. Mimi sikuwahi kulithibitisha hilo kwa masikio yangu, ila tangu aniambie siwezi kuisikia saksafoni ile bila ya kulikumbuka. Abel Balthazar naye alitoka Dar International, bendi ya marehemu Marijani Rajab, na Hassan Rehani Bitchuka alitoka bendi ya chama cha wafanyakazi, ile iliyokuwa NUTA Jazz na ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawa JUWATA.

Kutoka huko huko ndiko alikotoka Muhidin Maalim Gurumo, na hapa mjomba alikuwa akiketi sawasawa kitini.

Gurumo alikuwa wa kwetu. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe, na watu wa Mlandizi na wa Kisarawe, ingawa wilaya zimetutenganisha, tunazikana na kuozana kwa njia ile ya vumbi inayopita Mzenga mpaka Maneromango. Katika daftari la mjomba mishale yake ilijaza ukurasa mzima na kugeukia wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipitia Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, hii ya mwisho ikiwa bendi ya Ahmed Kipande. Mwaka 1964 akaingia NUTA Jazz ilipoanzishwa, na humo akadumu kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park. Mwaka 1985 akatoka pamoja na Balthazar na wengine kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima, ambayo mtindo wake uliitwa Ndekule. Baadaye akarudi kule alikoanzia safari yake ndefu, katika bendi ya wafanyakazi, ambayo wakati huo ilikuwa imebadilisha jina tena na kuwa OTTU, na ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma.

Hebu tuyaangalie majina haya, kwani wapenzi wa ushairi hawawezi kuyapita hivi hivi. Bendi za kwanza zilijiita kwa mahali: Kilwa, Rufiji, Morogoro, Western. Mtu aliyehamia mjini alijiunga na jina la kwao au la jirani zake. Kisha zikaja bendi za vyama na mashirika, na majina yakawa vifupisho visivyo na ladha mdomoni. Ndipo wanamuziki wakaingiza nyumbani kwao kwa mlango wa nyuma, kupitia majina ya mitindo. NUTA wakauita mtindo wao Msondo, na Mlimani Park wakauita wao Sikinde, na majina yote mawili ni ya ngoma za Kizaramo. Msondo ni ngoma ndefu inayosimamishwa mwali anapochezwa. Na Sikinde walipoongeza kwamba ni "ngoma ya ukae", bibi zetu wa Mlandizi, ambao hawajawahi kuingia baa hata siku moja, walicheka kwa furaha, kwa sababu ukae ni neno lao, ndiko nyumbani. Mjomba alidai kwamba kabla ya Kilimanjaro Chacha, kabla ya gitaa na kipaza sauti, bendi ya kwanza ya kila mwimbaji wa Kizaramo ni uwanja wa ngoma wa kijijini kwao. Kwa hiyo katika daftari lake, juu ya mshale wa kwanza wa Gurumo, aliandika neno moja tu: Masaki.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Unguja kwa shughuli ya harusi. Nikiwa na nafasi asubuhi moja nikapita Shangani, kwenye nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa mjini humo tarehe 5 Septemba 1946. Nakiri kwamba muziki wa roki si chakula changu. Lakini kwa ajili ya mjomba nikajiuliza swali lake: na kabla ya Queen walikuwa wapi? Niliporudi bara nikatafuta vitabu, na nilichokikuta kilinishangaza. Imeandikwa kwamba Farrokh, akiwa mwanafunzi wa bweni huko Panchgani, India, alipiga piano katika bendi ya watoto wa shule iliyoitwa The Hectics. Imeandikwa kwamba mwaka 1969 aliingia Ibex, bendi iliyokuja kuitwa Wreckage, kisha Sour Milk Sea mwaka 1970. Brian May alianzia katika bendi iliyochukua jina lake kutoka riwaya ya George Orwell, 1984. Roger Taylor alipiga ngoma katika The Reaction huko Cornwall. John Deacon, aliyejiunga nao mwaka 1971, alikuwa amepitia The Opposition huko Leicestershire tangu akiwa mvulana wa shule. May na Taylor walikuwa pamoja katika Smile tangu 1968, na mwimbaji wao, Tim Staffell, alipoondoka mwaka 1970 ndipo kiti kikabaki wazi, na mtoto wa Unguja akakikalia.

Nilisoma habari hizo kwa raha, kisha kwa wivu. Bendi ya watoto wa shule, iliyopigia wenziwe bwenini, ina kumbukumbu yake, ina majina ya waliokuwamo, ina picha. Nasi Kilwa Jazz, ambayo watu wazima waliicheza mpaka alfajiri, na ambayo sauti zake zilifungua njia ya yote yaliyofuata, tunaikumbuka kwa vipande. Si kwamba Waingereza wanaupenda muziki kuliko sisi. Staffell alipotoka Smile alitoka na nyimbo zake na jina lake. Kilichobaki nyuma kiliweza kuhesabiwa. Mwanamuziki wetu wa dansi alipotoka hakutoka na kitu.

Na hili ndilo ambalo mishale myekundu ya mjomba ilikuwa ikilionyesha pasipo mwenyewe kulitamka. Vyombo vya NUTA vilikuwa vya chama. Vyombo vya Mlimani Park vilikuwa vya shirika. Vyombo vya Safari Sound vilikuwa vya mwenye mali. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na nyimbo alizotunga zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikabaki katika maktaba ya redio kwa jina la bendi. Kabla ya mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977 baadhi zilifika Nairobi na kutolewa katika santuri. Baada ya hapo hata mlango huo ukawa mwembamba. Basi kila mshale katika daftari ulikuwa ni mtu anayetoka mlangoni na koo lake tu, akiacha nyuma gitaa, sare, na nyimbo alizozitunga. Kule aendako ataanza upya kutunga, na kule alikotoka mwingine ataziimba zile za zamani. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano alipata walau kuwa bwana wa nyumba yake, kwa miaka michache iliyosalia kabla ya ajali iliyomwua Mombasa, Januari 1979. Wengi hawakufika hapo.

Mshairi wa pwani, hata aliyetunga karne mbili zilizopita, anayo nafasi yake katika ubeti wa tamati: humo hulitia jina lake, na la babake, na pengine na la mtaa wake, ili anayelighani shairi asipate kulikana. Wimbo wa dansi haukuwa na ubeti huo. Ulikuwa na kibwagizo, na sehemu ile ya mwisho inayochemka, ambapo mwimbaji humwita mpiga gitaa kwa jina la utani, naye mtangazaji hufunga kwa kuitaja bendi. Mjomba alikuwa akiandika tamati za watu wengine.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na sita. Mjomba alikuwa na redio kaseti aliyoinunua kwa akiba ya safari nyingi za Morogoro, na kaseti sita hivi. Moja ilikuwa na karatasi nyeupe aliyoibandika mwenyewe, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: NUTA – ZAMANI. Humo alikuwa amenasa, usiku mmoja wa bahati, kipindi cha redio kilichopiga nyimbo za bendi hiyo za miaka ya 1960. Aliniambia mara nyingi kwamba akipata nafasi ataisikiliza kidogo kidogo, wimbo kwa wimbo, aandike nani ameongoza na nani ameitikia, kwa kuwa ukurasa wa NUTA katika daftari lake ulikuwa nusu mtupu. Nafasi hiyo hakuipata, maana lori halina sikukuu.

Alasiri moja, yeye akiwa safarini, redio ikaanza kupiga nyimbo mpya za Ndekule. Kijiji kizima kilikuwa kikizungumza Ndekule. Sikuwa na kaseti tupu wala fedha ya kuinunulia. Nikachukua ile ya karatasi nyeupe, kwa hoja ambayo naikumbuka mpaka leo, kwamba vitu vya zamani vinavuma-vuma na kukwaruza na hakuna anayevisikiliza. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nilirekodi upande mmoja wote, nikageuza, na nikaendelea upande wa pili mpaka kipindi kilipokwisha.

Mjomba alirudi baada ya siku mbili. Akaoga, akala, akaiweka kaseti yake. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Wimbo wa kwanza ulipoanza hakusema neno. Akauacha ufike mahali mwimbaji anapoingia, akausikiliza mpaka ubeti ukaisha, kisha akazima. Sisi watu wa pwani mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, kwa hiyo aliniita kama alivyoniita siku zote.

"Mjomba," akasema, "umemfuta Gurumo kwa Gurumo."

Hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Hakuirekodi tena kaseti ile kwa kitu kingine, wala hakuibandua karatasi yake. Iliendelea kukaa na wenziwe rafuni, imeandikwa NUTA – ZAMANI, na ndani yake Ndekule, na ukurasa wa daftari ukabaki vile ulivyokuwa. Nami nilihitaji miaka mingi kuelewa kwamba nilichokifanya kwa vidole viwili ndicho kilichokuwa kikifanyika kwa mtu yule kila alipohama: sauti yake mpya ikikalia mahali pa sauti yake ya zamani, na sisi wapenzi tukishangilia.

Mjomba alifariki mwaka 2009. Shangazi, namaanisha mkewe, ambaye sote tulimzoea kwa jina hilo, alikuwa amekwisha kuzitoa kurasa kadhaa za kaunta buku kwa kufungia karanga, na sina haki ya kumlaumu, mimi miongoni mwa watu wote. Zilizobaki nilizichukua pamoja na kaseti.

Mwaka 2013 Gurumo akatangaza kwamba anaacha kuimba, baada ya zaidi ya nusu karne. Ikaelezwa wakati ule kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari, na kijana Diamond Platnumz akampa moja. Watu wengi walilisifu jambo lile, na kwa kweli lilistahili sifa. Mimi nilibaki nikiitazama picha yake gazetini nikihesabu mishale. Kilimanjaro Chacha, Rufiji, Kilwa, NUTA, Mlimani Park, Safari Sound, kisha tena Msondo. Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wakati nyimbo zake za mwanzo zilikuwa na umri wa wajukuu zake. Tarehe 13 Aprili 2014 akafariki, akarudishwa Masaki kuzikwa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikafungua ukurasa wa pili wa jina lake, nikachora mshale wa mwisho kwa mkono wangu, na chini yake nikaandika neno lile lile aliloanza nalo mjomba juu ya ukurasa wa kwanza.

Kaseti ninayo. Mwaka jana fundi mmoja wa redio hapa Mlandizi alinitengenezea mashine ya kuipigia, na nikaisikiliza yote kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Kipindi kile cha Ndekule hakikuujaza upande wa pili hadi mwisho. Mtangazaji anaaga, kinasikika kishindo cha kitufe nilichokibonyeza mimi, halafu ukimya wa pumzi moja, kisha unaingia wimbo mwingine katikati ya ubeti wake, hafifu, kama unaopigwa nyumba ya tatu. Tarumbeta, magitaa mawili, waimbaji wawili au watatu. Unadumu kwa muda usiofika dakika moja, na utepe unakwisha. Mmoja wa waimbaji wale ana sauti ninayodhani naijua. Nimeisikiliza mara nyingi mno, na kila mara naishia kuliangalia daftari lililo mbele yangu, ukurasa wa NUTA, kwenye mistari mitupu, na kalamu bado sijaishusha.